Swali Lisiloulizwa Bwenini

Ndugu mtahiniwa, mwezi wa Novemba utafanya mtihani wako, utafunga tranka na kurudi nyumbani kusubiri matokeo. Yakiwa mazuri, jina lako litaonekana kwenye orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano, na mbele ya jina hilo utasoma shule ambayo pengine hujawahi kuisikia. Kijana wa Busega anaweza kupangiwa Songea. Binti wa Mtwara anaweza kupelekwa Tabora. Hapo nyumba nzima huanza kulalamika: mzazi analalamikia nauli, mwanafunzi analalamikia baridi, na bibi anauliza kama huko unakokwenda kuna watu wetu.

Swali hilo la bibi ndilo lililonifanya niandike. Nami niliulizwa vivyo hivyo mwaka 2022, nilipokuwa ninaondoka hapa Nassa kwenda kusoma Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Sikupata nafasi hiyo kwa kuwa nilikuwa na akili kuliko wenzangu wa shule ya kata. Wapo walionizidi ambao leo wanavua dagaa Ghuba ya Speke au wanalima pamba. Tofauti ni kwamba mimi nina mjomba anayepeleka mchele Kigali. Alikuwa amekwisha kuzoeana na watu wa huko, akaniombea nafasi katika shule ya bweni ya kimataifa, akanilipia na ada. Ninalisema hili mapema ili usidhani kwamba milango ya namna hiyo hufunguka kwa bidii peke yake.

Tulipanda basi Nassa, katika barabara ya Musoma kwenda Mwanza, tukavuka maji kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi. Daraja la JPM lenye urefu wa kilomita 3, ambalo wewe utalivuka kwa dakika chache, lilifunguliwa Juni 2025, nami sikulikuta. Kisha Geita, Biharamulo, Lusahunga, halafu Benaco, wilayani Ngara. Benaco leo ni mahali pa malori, mama lishe na nyumba za wageni. Mjomba alisimama pale tule. Akanionyesha vilima vilivyotuzunguka, akaniambia kwamba mwaka 1994 vilikuwa vimefunikwa na maturubai kiasi kwamba usingeona majani.

Jambo hilo unaweza kulikuta kwenye vitabu vyako vya Historia kwa mistari miwili mitatu, basi acha nikuongezee. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa ikitua Kigali. Alikuwa anatoka mkutanoni Dar es Salaam, na pamoja naye alikufa Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza saa chache baadaye na kuendelea kwa takriban siku 100. Umoja wa Mataifa hutaja watu zaidi ya 800,000 waliouawa. Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni 1. Wahutu waliokataa kushiriki waliuawa pia. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Chini ya daraja hilo Mto Kagera ulikuwa umebeba maiti, na mto huo humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ziwa hili hili tunalovua sisi. Bibi yangu anakumbuka kwamba mwaka ule alipita mwaloni bila kununua samaki. Kwa hiyo mambo ya Rwanda hayako mbali na Nassa kama ramani inavyoonyesha.

Tulipokuwa tunamalizia chai, mjomba aliniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja), "Mjomba, huko uliza kila kitu. Uliza bei, uliza njia, uliza hesabu usizozielewa. Ila usimuulize mtu kabila lake."

Sasa jiulize ni mara ngapi umeuliza swali hilo tangu ulipoingia kidato cha kwanza. Kwetu ni mlango wa utani. Mtu akisema yeye ni Mkurya, tayari umepata la kumchokoza, naye akisikia wewe ni Msukuma atakutajia michembe na ng'ombe, mnacheka, mnakuwa marafiki. Hakuna anayekwenda kukunoa panga. Mtanzania akivuka Rusumo humlazimu kubadili mambo kadhaa: saa inarudi nyuma kwa saa moja, magari yanahamia upande wa kulia wa barabara, na mdomo unajifunza kulimeza swali hilo.

Cha kushangaza ni kwamba neno "kabila," kama unavyolijua wewe, halifai sana kule. Wahutu, Watutsi na Watwa wote wanasema Kinyarwanda. Walikuwa wakiishi kwenye vilima vilevile. Koo zao, kama vile Abasinga, Abazigaba na Abagesera, zilikuwa na watu wa makundi yote matatu. Wabelgiji walipotawala, katika miaka ya 1930, waliwaandika watu kwa makundi hayo na kuwapa vitambulisho, na kuanzia hapo kilichokuwa kinaweza kubadilika katika maisha ya mtu kikawa kimeandikwa kwenye karatasi. Uhuru ulipokuja mwaka 1962 vitambulisho vilibaki. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho ndicho kilichoamua nani apite na nani afe.

Shule nayo ilifanya kazi katika jambo hili, na hapa ndipo ninapotaka utulie usome polepole. Wanyarwanda waliosoma kabla ya 1994 wanasimulia jinsi mwalimu alivyowaambia watoto wasimame darasani kwa makundi, ahesabu, aandike kwenye daftari. Watoto wengine walikuwa hawajui wamo kundi gani. Walirudi nyumbani kuuliza, na kesho yake wakasimama. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa uwiano wa makundi, utaratibu ulioitwa iringaniza, hivyo mtoto aliweza kufaulu na bado akakosa nafasi kwa sababu ya yale yaliyoandikwa kwenye faili lake. Vita ilipokuja, wapo walimu waliowaua wanafunzi wao. Katika shule ya ufundi ya ETO, eneo la Kicukiro hapohapo Kigali, watu wapatao 2,000 walikuwa wamekimbilia chini ya ulinzi wa askari wa Ubelgiji waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari wale waliondoka na magari yao. Wengi wa waliobaki waliuawa siku hiyo hiyo.

Baada ya mauaji, Rwanda ilifuta kundi kwenye vitambulisho, na kwa miaka kadhaa somo la historia ya nchi hiyo lilisimamishwa shuleni, kwa kuwa hapakuwa na makubaliano juu ya namna ya kulifundisha. Fikiria shule isiyo na kipindi cha historia kwa sababu historia yenyewe bado inavuja damu.

Kigali niliyoikuta mimi ni jiji safi kuliko yote niliyowahi kuona. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008. Bodaboda, ambazo wao huziita moto, hazikupakii bila kofia ngumu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kufanya umuganda, yaani kazi za pamoja za kufagia, kuchimba mitaro na kupanda miti. Mgeni anaweza kukaa wiki nzima asione dalili yoyote ya yaliyotokea. Kisha anafika Gisozi, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004, anaambiwa kwamba pale alipo wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Jiji hilo ambalo watu walilikimbia sasa linapokea shule zilizokimbia kwingine. Agosti 2021, Taliban walipoingia Kabul, Shabana Basij-Rasikh, mwanzilishi wa shule ya bweni ya wasichana ya SOLA nchini Afghanistan, alichoma moto kumbukumbu za wanafunzi wake ili majina yao yasiwafikie waliotaka kuwazuia kusoma. Kisha akawatoa wanafunzi, walimu na jamaa zao, karibu watu 250, hadi Rwanda. Shule ikaendelea na masomo hukohuko. Binti unayesoma ukurasa huu na kuona uchovu wa prepo, fahamu kwamba kwao msichana haruhusiwi kuendelea baada ya darasa la sita. Wale waliofika Kigali wanasoma bweni mbali na wazazi, bila kujua lini watarudi.

Shule yangu haikuwa hiyo, ilikuwa ya wavulana na wasichana kutoka nchi nyingi: Rwanda yenyewe, Burundi, Kongo, Uganda, Kenya, Sudan Kusini, na wachache ambao wazazi wao wanafanya kazi katika mashirika. Tulifuata mtaala wa Cambridge, masomo matatu kwa miaka miwili, kila kitu kwa Kiingereza. Nikushauri kitu kimoja cha mtihani hapa, kwa kuwa ndicho ulichonunulia kitabu hiki: kule hawakutaka nimwage nilichokariri. Swali likisema "jadili", walitaka waone ninabishana na swali, nikitoa mfano, kisha nikikubali upande wa pili una hoja gani. Jizoeshe hivyo kuanzia sasa. Hata msahihishaji wa NECTA hufurahi kuona mtahiniwa anayefikiri.

Darasani Kiingereza, bwenini Kiswahili. Wa Goma, wa Bujumbura na wa Nairobi kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake, na tulichekana sana, mimi nikijiona hakimu kwa kuwa ninatoka Tanzania. Wanyarwanda wengi hawakukijua vizuri ingawa nchi yao ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, lakini walijua zaidi ya walivyodhani: kwao mwalimu ni umwarimu, kitabu ni igitabo, kalamu ni ikaramu. Chakula kilikuwa wali, viazi, maharage na isombe, ambayo ni kisamvu. Mara moja moja tulipata impungure, mahindi yaliyochemshwa na maharage. Mimi nikayaita makande, nikala sahani mbili. Michembe niliyotoka nayo Nassa ilikwisha wiki ya kwanza. Aliyeimaliza alikuwa kijana wa Goma aliyelala kitanda cha chini yangu.

Kijana huyo na mwingine wa Rubavu ndio ninaotaka kukusimulia. Goma na Rubavu ni miji miwili iliyoshikana. Mpaka wa Kongo na Rwanda unapita katikati, na kila siku maelfu ya watu huuvuka kwa miguu kwenda sokoni. Wawili hao walikuwa wamekua wakiliona ziwa moja, Kivu, kutoka pande mbili. Patroni ndiye aliyewapanga jirani, na sidhani kama lilikuwa jambo la bahati mbaya, kwa maana hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuchagua kitanda. Orodha ilibandikwa mlangoni, umekwisha.

Kundi la M23 lilikuwa limeanza tena mapigano mashariki ya Kongo tangu mwishoni mwa 2021. Serikali ya Kongo na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaituhumu Rwanda kwamba inawasaidia, Rwanda inakanusha. Oktoba 2022, tukiwa muhula wetu wa kwanza, Kongo ilimfukuza balozi wa Rwanda mjini Kinshasa. Habari zilitufikia bwenini jioni. Vijana wanajua kugombana kwa maneno ya watu wazima, na kwa siku kama tatu meza yetu ya chakula ilikuwa kimya. Yule wa Goma alikuwa na jamaa waliokimbia vijiji vya Rutshuru. Yule wa Rubavu alikuwa na baba askari. Hakuna aliyewaita kuwapatanisha, na hapakuwa na hotuba. Kilichotokea ni kidogo mno: wa Goma aliugua malaria usiku, na aliyeamka kumwita patroni, akamshika mkono kwenda zahanati ya shule, ni yule aliyelala hatua moja kutoka kwake. Angekuwa amelala bweni jingine, pamoja na "watu wake," asingemsikia akitetemeka. Sikudai kwamba walikubaliana kuhusu M23. Hawakukubaliana mpaka tunamaliza.

Aprili 2024 wengi wetu wa mwaka wa mwisho tulibaki shuleni likizo nzima, mitihani ikiwa mlangoni. Tarehe 7 ilikuwa kumbukumbu ya miaka 30. Juma hilo la maombolezo Kigali haina muziki, haina sherehe, na hata wanaouza sokoni huongea chini chini. Jioni moja mwalimu wetu alitusimulia habari za sekondari ya Nyange, magharibi ya nchi. Nilikuwa sijawahi kuzisikia, na sioni sababu wewe uendelee kutozijua.

Tarehe 18 Machi 1997, miaka mitatu baada ya mauaji makuu, wanafunzi wa Nyange walikuwa kwenye prepo baada ya chakula cha usiku. Wavamizi wenye bunduki na mabomu ya mkono waliingia darasani. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Ni amri ileile ambayo wazazi wao walipewa wakiwa watoto na mwalimu mwenye daftari. Wanafunzi walikataa. Msichana mmoja, Chantal Mujawamahoro, ndiye anayekumbukwa kwa kujibu kwamba wote pale ni Wanyarwanda. Aliuawa. Wavamizi walirusha mabomu na kufyatua risasi darasa moja hadi jingine, na jibu likawa lilelile. Wanafunzi 6 walikufa usiku ule, wengi walijeruhiwa, na baadhi ya majeruhi walifariki baadaye. Rwanda imewaweka wanafunzi hao wa Nyange, waliokufa na waliopona, katika orodha ya mashujaa wa taifa, wanaokumbukwa kila tarehe 1 Februari.

Walikuwa na umri wako. Wengine walikuwa Wahutu. Kama wangesogea hatua tatu, wangeishi. Mwalimu alituambia hakuna aliyewafundisha jibu lile siku hiyo. Walikuwa wamekaa bweni moja, wamekula sufuria moja, wakati nchi yao ilikuwa bado haijajua hata ifundishe historia gani.

Usiku ule sikulala vizuri, na nilichokuwa ninakiwaza si Rwanda. Nilikuwa ninawaza kwetu. Sisi hatukuuana kwa makabila, ni kweli, na hili halikuja lenyewe. Baada ya uhuru shule zilichanganya watoto kwa makusudi. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitaifisha shule nyingi za mashirika ya dini ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini yake. Na hata leo orodha ya kidato cha tano inamtoa kijana Kanda ya Ziwa na kumtupa kusini. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Kuanzia mwaka 2007 hivi, katika Kanda yetu hii ya Ziwa, watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, na watoto wao ilibidi wahifadhiwe kwenye mabweni kama ya Buhangija, Shinyanga. Bweni likawa ngome. Watoto walilindwa, ndiyo, lakini walilindwa kwa kutengwa na sisi tuliopaswa kukaa nao dawati moja. Kama darasani kwako yuko mwenzako mwenye ualbino, tazama anakaa na nani wakati wa chakula.

Ukitaka kwenda kusoma Rwanda siku moja, safari si ngumu: Mtanzania hahitaji viza, hati ya kusafiria inatosha, na Rusumo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa kituo kimoja. Ada za shule za kimataifa ni kubwa, kwa hiyo tafuta ufadhili mapema, na alama zako za Kiingereza na Hisabati ndizo watakazozitazama kwanza. Na ukipangiwa Songea badala yake, nenda Songea. Chukua ndoo, fagio, jembe na godoro kama fomu ya kujiunga inavyosema, na lala kwenye kitanda utakachopewa.

Sisi wa Kigali tulitawanyika baada ya matokeo ya Agosti 2024. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na watu wengi wakavuka mpaka kuingia Rubavu. Asubuhi ile ujumbe wa kwanza kwenye kundi letu la WhatsApp ulitoka kwa yule wa Rubavu, akimwomba mwenzake wa Goma, aliyekuwa anasoma Kampala, namba ya simu ya dada yake. Simu ya dada ilikuwa haipatikani mchana kutwa. Saa mbili usiku ilitumwa picha moja, bila maelezo: dada yake yule wa Goma amekaa sebuleni kwa kina Rubavu, kitenge begani, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na pembeni yake yuko yule baba askari amevaa kandambili, anaangalia taarifa ya habari.